Spana hii yafaa ipewe jina la heshima

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Kimulot, katika vilima vya majani chai vya Konoin, kaunti ya Bomet, kumjulia hali mpwa wangu. Kijana huyu amemaliza kidato cha nne na sasa anaendesha bodaboda. Nilimkuta ameketi barazani, mkono wa kushoto umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Siku kumi kabla ya hapo alikuwa akiteremka kilima, amempakia mamake aliyekuwa akitoka kupima majani chai kituoni. Gurudumu la nyuma likasogea kutoka mahali pake, cheni ikaruka, pikipiki ikakwama ghafla na wote wawili wakarushwa. Mungu si Athumani, waliangukia juu ya michai. Dada yangu aliinuka na michubuko tu. Kijana akavunjika kifundo cha mkono.

Mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka 75, alikuwa ameketi nasi. Nyumbani petu twazungumza Kikipsigis. Mama akamwuliza mjukuu wake swali moja: "Ile nati ya gurudumu uliikaza kwa chombo gani?" Kijana akainamisha kichwa. "Kogo," akasema, maana hivyo ndivyo tumwitavyo nyanya, "niliikaza kwa ile… ile spana inayofungua kila kitu." Mama hakuridhika. "Haina jina?" Kijana akanigeukia mimi mjomba wake, macho yakiniomba msaada. Nami, mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, ninayelipwa mshahara kwa kazi ya kuchunguza majina ya vitu, nikanyamaza vilevile.

Msomaji mpenzi, bila shaka jina lenyewe unalijua. Katika gereji za Kenya, na vilevile za Tanzania, chombo hiki huitwa spana malaya. Sababu yake haifichiki. Spana ya kawaida hutengenezwa kwa kipimo kimoja, na nati isiyo ya kipimo hicho haiihusu. Hii ina mataya mawili: moja limeganda kwenye mpini, na la pili husogezwa kwa kijigurudumu chenye mikato kinachozungushwa kwa kidole gumba, hata ikaikubali nati ndogo kwa kubwa. Fundi wa kwanza aliyeipachika jina hilo, ambaye hatutamjua kamwe, alikuwa stadi wa sitiari. Lakini alikuwa akisema na wanaume wenzake, na sidhani aliwaza kwamba iko siku neno lake litahitajika mbele ya bibi kizee, au kwenye kaunta ya duka, au ubaoni mbele ya watoto wa watu.

Sikushika kalamu ili niwahubirie mafundi. Lugha haina polisi, na mwanaisimu anayejifanya polisi hupoteza wakati wake na wa wenziwe. Mafundi wataendelea kusema wanavyosema. Linalonishughulisha ni jambo jingine, nalo nililigundua nilipomdadisi dada yangu jinsi spana ile ilivyopatikana.

Ni yeye aliyeinunua. Kijana alikuwa kazini, akamwomba mamake ampitie dukani siku ya soko. Dada yangu ni mwanamke wa kanisani, na watu wa huko wanamfahamu hivyo. Alipofika kwenye kaunta alikuta wanaume watatu wakingoja kuhudumiwa. Jina aliloelezwa na mwanawe halikumtoka kinywani. Akanyoosha kidole: "Nipe ile pale." Mwenye duka akaitungua iliyokuwa karibu, akaiviringisha kwenye kipande cha gazeti, dada akalipa akaenda zake. Hakuuliza kama kuna nyingine. Hakuuliza tofauti ya ile ya bei ya chini na ile ya bei ya juu. Hakuishika wala kuigeuza. Angewezaje? Ili mtu aulize swali la pili, sharti kwanza awe ameweza kuuliza la kwanza.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Lakini kitu tunachoona haya kukitaja hatuwezi kukiulizia, na kitu tusichoweza kukiulizia hatuwezi kukichagua. Tutachaguliwa. Simaanishi kwamba jina baya ndilo huzaa chuma kibaya. Hakuna mwanaisimu makini atakayedai hivyo. Nasema tu kwamba jina hili linamfunga mdomo mnunuzi wakati ule hasa anapohitaji kusema, na waathirika wakubwa ni wanawake, watoto na walimu.

Hebu tuitazame spana yenyewe. Nilimwomba kijana anionyeshe. Ilikuwa ikimetameta bado, ila rangi ya fedha ilikuwa imeanza kubanduka kwenye ncha za mataya. Nilipoitikisa ililia kama njuga. Nilipoyafunga mataya na kuiinua dhidi ya anga, niliona mwanga ukipenya kwa umbo la kabari: nyuma yamegusana, mbele yameachana. Mataya kama hayo hayaishiki nati kwenye nyuso zake bapa. Huikamata kwenye pembe. Ukivuta kwa nguvu, taya la kusogea hurudi nyuma, spana huteleza, na pembe za nati husagika kidogo. Ukirudia mara tano au sita, nati yenye pembe sita huanza kufanana na kitufe. Baada ya hapo hata spana njema haiishiki. Kijana alikuwa akihisi ugumu mkononi na kudhani nati imekaza, kumbe ni mataya yaliyokuwa yakitanuka. Gurudumu lilikuwa limeshikiliwa na dhana.

Kabla sijaeleza namna ya kuchagua iliyo bora, naomba ruhusa ya kuzungumzia majina kidogo, kwani ndiyo kazi yangu. Kuona taabu kukiita chombo hiki si kwetu peke yetu. Wahispania na Waitalia hukiita ufunguo wa Kiingereza, na Waturuki hufanya hivyo hivyo. Waajemi hukiita spana ya Ufaransa. Wapolandi nao husema ufunguo wa Kifaransa. Wadenmaki hukiita ufunguo wa Kiswidi. Kila taifa limekinasibisha na jirani au mgeni, kana kwamba chombo kinachoelewana na kila nati hakiwezi kuwa mwana wa nyumbani. Katikati ya karne ya 19 Waingereza walikuwa tayari na spana za kurekebishwa, lakini umbo tulijualo leo linatokana zaidi na kazi ya Msweden mmoja, Johan Petter Johansson, fundi wa mji wa Enköping, aliyepata hataza yake mwanzoni mwa miaka ya 1890. Spana zake ziliuzwa duniani kote kwa jina la Bahco. Waswidi wenyewe, walioijua vyema, waliipa jina lisilo na kejeli wala sifa: kwao ni ufunguo wa kubadilisha. Waliitaja kwa kazi yake.

Sisi nasi hatuna uhaba wa maneno ya karakana. Nyundo ni yetu tangu kale. Parafujo tuliichukua kwa Wareno, spana kwa Waingereza, nao Waingereza waliichukua kwa Wajerumani, ambao kitenzi chao cha asili kina maana ya kuvuta na kukaza. Tuna bisibisi, tupa, patasi, koleo na jiriwa. Fauka ya hayo, Kiswahili kinatofautisha vizuri sana mambo mawili ambayo mnunuzi wa spana hana budi kuyajua: kufua chuma na kusubu chuma. Kufua ni kukipiga chuma kikiwa moto hadi kikae umbo linalotakiwa. Kusubu ni kukiyeyusha na kukimimina katika kalibu. Spana njema hufuliwa, kisha hupitishwa motoni na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili iwe ngumu bila ya kuwa nyepesi kuvunjika. Spana duni aghalabu husubiwa kwa chuma hafifu. Ikizidiwa haipindi ikakuonya, hukatika ghafla, na mkono wako ukaenda mbele kugonga injini.

Basi mnunuzi atazame nini? Kwanza, taya la kusogea. Lishike kwa vidole viwili ulitikise juu na chini, kisha mbele na nyuma. Kucheza kidogo mno hakuepukiki, maana chuma kisichoachiwa nafasi hakiwezi kusogea. Lakini likiyumba kama jino la mtoto wa miaka sita, irudishe. Pili, yafunge mataya na uyainue dhidi ya mwanga. Yanapaswa kugusana kwa urefu wote, na yanapofunguliwa yaendelee kukabiliana sambamba. Tatu, zungusha kile kijigurudumu tangu mwanzo hadi mwisho wa safari yake. Kiende kwa ulaini, kisikwame katikati, wala kisizunguke chenyewe spana inapotikiswa. Nne, omba nati yoyote hapo dukani, iwe imefungwa kwenye bolti, uijaribu. Mwenye duka anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Tano, usihadaiwe na mng'ao wala uzito. Wengi hudhani spana nene na nzito ndiyo imara. Mara nyingi mambo ni kinyume: chuma kizuri humruhusu mtengenezaji kuyafanya mataya membamba yakaingia mahali pa dhiki, ilhali chuma dhaifu hulazimika kunenepeshwa. Sita, soma maandishi ya mpinini, lakini usiyaamini peke yake. Herufi Cr-V hudai kwamba chuma kimechanganywa na kromiamu na vanadiamu, mchanganyiko unaosifika kwa ugumu na ustahimilivu. Kipo pia kiwango cha kimataifa cha spana za aina hii, nambari 6787 cha shirika la ISO, kinachohusu vipimo vyake na nguvu zinazopaswa kuhimiliwa na mataya. Ila nambari na herufi ni rahisi kugongwa kwenye chuma chochote. Tumekuwa na shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, tangu 1974, na sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008. Hata hivyo hakuna mkaguzi atakayesimama kando yako kwenye kila kaunta. Macho na vidole vyako ndivyo wakaguzi wa mwisho.

Saba, chagua urefu unaolingana na kazi. Spana hizi huuzwa kwa inchi za urefu wake. Kwa matumizi ya nyumbani na shuleni, ya inchi 8 au 10 hutosha shughuli nyingi. Ya inchi 10 hufunguka kiasi cha milimita 30 hivi. Aliye na ndogo akalazimisha kazi kubwa kwa kuvika bomba mpinini ili kuongeza urefu, ajue kwamba anaivunja mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakiwezi kumwokoa anayekitumia vibaya.

Tukifika kwenye matumizi, kuna kanuni mbili ambazo nilizipata kwa fundi, wala si kwa kitabu. Ya kwanza ni kuigeuza spana ili mzigo mkubwa uliangukie taya lililoganda, kwa sababu ndilo lenye nguvu, na lile la kusogea libaki kuwa la kuegemeza. Kila mara uzungushe kijigurudumu hadi mataya yaibane nati barabara ndipo uvute, na uvute kuelekea kwako badala ya kusukuma, ili ikiteleza usivunje vifundo vya vidole. Ya pili ni ya unyenyekevu: spana hii, hata iwe njema kiasi gani, ni naibu. Palipo na spana ya ringi yenye kipimo kamili, hiyo ndiyo ya kutumia, kwani huizingira nati pande zote ilhali hii hushika nyuso mbili tu. Nati ya gurudumu la pikipiki, inayobeba roho za watu wawili na pengine watatu, haikustahili kuachiwa naibu, sembuse naibu mgonjwa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mimi ni mtu wa chuo kikuu, na kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii naiheshimu, lakini tunaitumia vibaya. Ililengwa kwa mvivu anayesingizia ubovu wa jembe ili asiende shambani. Haikukusudiwa kumnyamazisha mwenye kwenda shambani kweli asitazame kama jembe lake lina mpini. Mkulima wa Kimulot haambiwi achume jani lolote analokutana nalo. Anafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na mzigo wenye majani magumu hurudishwa kituoni mbele ya macho yake. Ikiwa sisi twakaguliwa jani kwa jani tunapouza, kwa nini tufumbe macho tunapokuwa wanunuzi?

Nitaambiwa pia kwamba spana njema ni ghali na wananchi hawana pesa. Kweli, aliyonunua dada yangu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. Lakini gharama ya plasta, nauli za kwenda hospitali na majuma sita ya pikipiki kusimama ingenunua spana njema kadhaa na kubakisha chenji. Maskini ndiye hasa asiyemudu kununua kitu kimoja mara tatu. Na kama nyumba moja haiwezi, nyumba nne za jirani zinaweza kuwa na moja iliyo bora kuliko kila mmoja kuwa na mbovu yake.

Niwageukie sasa walimu wenzangu na wanafunzi. Mimi ni zao la mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985 kwa ahadi kubwa ya masomo ya mikono, na wazazi wetu walichangishwa pesa za kujenga karakana. Nilijua kuchora jiriwa na randa kwenye daftari, na kuandika sehemu zake kwa Kiingereza, miaka mingi kabla sijavishika. Sasa tumo katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2017, ambapo wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wana somo la maandalizi ya ufundi. Nahofu tutarudia kosa lile lile kwa njia mpya: mtoto ataijua spana hii kwa jina la Kiingereza mtihanini, ataijua kwa jina la matusi barabarani, na katikati ya majina hayo mawili hapatakuwa na mtu wa kumfundisha namna ya kuichagua. Mwalimu wa Kiswahili atasema hilo si somo lake. Mwalimu wa ufundi ataogopa vicheko vya darasa, naye ataruka ukurasa.

Napendekeza mambo mawili yasiyo ya gharama kubwa. La kwanza, shule inapopata fedha za vifaa, inunue spana moja njema badala ya kumi mbovu, kisha imwombe fundi wa pale sokoni atoe mbovu yake iliyochakaa. Mwalimu aziweke mbili hizo mezani, wanafunzi wazitikise, wazitazame dhidi ya dirisha, wajaribu nati. Somo hilo la dakika 40 hawatalisahau. La pili, tuiite spana ya kurekebisha. Si jina la kishairi, wala sina haja ya kudai kwamba nimelibuni, kwa kuwa yeyote anayejua Kiswahili angeweza kulisema. Sifa yake ni kwamba linaeleza kazi, linaeleweka papo hapo, na mtu yeyote anaweza kulitamka mbele ya mtu yeyote. Mwanafunzi akiuliza kuhusu lile jina jingine, aelezwe bila ya kukaripiwa kwamba ni sitiari ya gereji, na kwamba sitiari hiyo inamtukana mwanamke ambaye hakuhusika hata kidogo na nati wala bolti.

Siku mbili kabla ya kurudi kazini nilifuatana na dada yangu sokoni. Nilisimama nje ya mlango, kwa kuwa nilitaka aingie peke yake. Alisema kwa sauti ya kusikika, "Naomba kuona spana za kurekebisha, zote ulizo nazo." Mwenye duka alitulia kidogo, kisha akatabasamu na kuzishusha nne. Dada akazishika moja moja, akazitikisa, akaziinua kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Mbili akazirudisha bila ya kusema neno. Ya tatu akaomba nati ya kuijaribia. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja misumari akasogea kutazama, akamwuliza, "Mama, mbona unaitazama hivyo?" Dada yangu akamweleza. Alipomaliza, mzee akaomba naye kuishika.

Jioni ile aliiweka mbele ya mama yangu. Mama akauliza tena, "Hii inaitwaje?" Safari hii mpwa wangu akajibu bila ya kuinamisha kichwa.